Oksijeni Iliyohesabiwa Mara Tatu

Mwaka 1937 jarida la Nature lilichapisha taarifa fupi ya Robert Hill, mwanabiokemia wa Cambridge, Uingereza, ambaye wenzake walizoea kumwita Robin. Hill alikuwa ameponda majani, akazitenga kloroplasti, zile chembe za kijani ambamo mmea hunasa mwanga, kisha akaziangazia zikiwa peke yake, nje kabisa ya seli zilimotoka. Zikatoa oksijeni.

Alijuaje kwamba zimeitoa? Hill alikuwa amekwisha kutumia miaka mingi akichunguza himoglobini, protini nyekundu ya damu. Himoglobini ikishika oksijeni hubadilika rangi, na mtu mwenye jicho zuri na spektroskopu ya mkononi huyaona mabadiliko hayo kwenye mistari ya giza inayokata upinde wa rangi. Basi Hill alizichanganya kloroplasti na himoglobini katika chombo kilichoondolewa hewa, akawasha taa, akatazama. Damu ya mnyama ikawa shahidi wa kazi ya jani. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya majaribio mazuri kabisa ya biokemia ya karne iliyopita, kwa sababu halikuhitaji mtambo mkubwa. Lilihitaji mtu aliyeijua vizuri protini moja na aliyethubutu kuipeleka mahali isipotarajiwa.

Lakini kloroplasti hizo hazikutoa oksijeni hivi hivi. Mwanga huchomoa elektroni kutoka kwenye maji, na maji yakishanyang'anywa elektroni, oksijeni ndiyo inayobaki na kutoka. Elektroni nazo lazima ziwe na pa kwenda. Katika jani zima huishia kwenye kazi ya kuigeuza kabonidioksaidi kuwa sukari. Katika chombo cha Hill njia hiyo haikuwepo, kwa hiyo akaweka chumvi ya chuma, oksaleti ya feri, ikazipokea. Oksijeni ikatoka bila kabonidioksaidi kuguswa. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao wa Berkeley, California, walitumia maji yenye oksijeni nzito na kupata ushahidi kwamba oksijeni ya mmea hutoka kwenye maji.

Kuanzia hapo watafiti walijua kwamba njia ya elektroni inaweza kuingiliwa. Mwishoni mwa njia unaweza kuweka kipokezi chako. Baadaye walijifunza kuingilia hata mwanzoni, kwa kuweka kitoaji chao badala ya maji. Historia ninayoisimulia ni ya vitoaji hivyo, na ya hesabu ya oksijeni iliyowasumbua watu kwa zaidi ya miaka 20.

Sumbuko hilo lina mzizi wake katika kazi ya Alan Mehler, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1951. Mehler aliuliza swali ambalo likishaulizwa linaonekana la kawaida: je, oksijeni yenyewe haiwezi kuwa kipokezi? Ugumu ulikuwa kwenye kupima. Maji hutoa molekuli 1 ya oksijeni kwa kila elektroni 4 zinazochomolewa. Elektroni hizo 4 zikichukuliwa na oksijeni, molekuli 2 za oksijeni hugeuka kuwa molekuli 2 za haidrojeni peroksaidi. Sasa, majani yana katalesi kwa wingi, kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi, na molekuli 2 za peroksaidi zikivunjwa hurudisha maji na molekuli 1 ya oksijeni. Jumlisha mwenyewe: imetoka 1, zimemezwa 2, imerudi 1. Salio ni sifuri. Anayetazama kipimo ataapa kwamba kloroplasti zimelala, kumbe elektroni zinakimbia kwa kasi, kama duka lenye wateja kutwa nzima ambalo jioni linafunga na fedha zile zile lilizofungua nazo asubuhi.

Mehler aliitegua hesabu hiyo kwa ethanoli. Katalesi ikiwa na ethanoli karibu huitumia peroksaidi kuigeuza ethanoli kuwa asetaldehidi, badala ya kuivunja ili kurudisha oksijeni. Ile molekuli 1 ya mwisho hairudi tena, salio linakuwa hasi, na asetaldehidi inabaki kwenye chombo kama risiti. Mwaka uliofuata, yeye na Allan Brown walitumia isotopu za oksijeni kuonyesha kwamba kutoka na kuingia kwa oksijeni hutokea kwa wakati mmoja, katika kloroplasti zile zile, chini ya taa ile ile. Mmenyuko huo hadi leo unaitwa kwa jina la Mehler.

Nasisitiza neno salio kwa sababu kila kilichofuata kinategemea hilo. Kipimo cha oksijeni hakioni njia ya elektroni. Kinaona kilichobaki tu baada ya kutoka na kuingia kukatana.

Mwaka 1955 huko Rothamsted, Uingereza, Kenten na Mann waliandika kwamba kloroplasti zilizoangaziwa huioksidisha manganizi, yaani huinyang'anya elektroni. Mwaka 1960 Vernon na Zaugg walikwenda mbali zaidi. Kloroplasti zilizokaa muda mrefu hupoteza uwezo wa kupasua maji, hivyo haziwezi tena kupata elektroni za kupeleka mbele. Watafiti hao wakazipa askobeti, ambayo ni vitamini C ya kawaida, pamoja na rangi iitwayo dikloroindofenoli, maarufu kwa kifupi chake DCPIP. Rangi hiyo ni ya buluu. Ikipokea elektroni hupauka isionekane. Askobeti huipa elektroni, nayo huziingiza kwenye njia ya kloroplasti, kisha huirudia askobeti kuchukua nyingine. Kloroplasti zilizochakaa zikafanya kazi tena.

Kwa nini zilifanya kazi ikiwa sehemu ya maji ilikuwa imekufa? Jibu lilikuja karibu wakati huo huo. Mwaka 1960 Hill, safari hii na Fay Bendall, alipendekeza kwamba mwanga hufanya kazi katika vituo viwili vilivyopangwa kwa mfuatano. Mwaka 1961 Louis Duysens na wenzake huko Leiden, Uholanzi, walitoa ushahidi kwa kutumia mwani mwekundu. Kituo kinachopasua maji huitwa Mfumo wa Pili, na kinachosukuma elektroni hadi mwisho huitwa Mfumo wa Kwanza, majina yanayomchanganya kila mwanafunzi kwa sababu elektroni hupita wa Pili kwanza. Rangi ya DCPIP iliyopauka huingiza elektroni kati ya mifumo hiyo miwili. Ukiufunga Mfumo wa Pili kwa diuroni, ambayo ni dawa ya kuua magugu, askobeti na DCPIP bado vitaulisha wa Kwanza.

Hiyo ilikuwa zana ya thamani kubwa: uliweza kuikata njia katikati na kupima nusu moja. Nusu ya pili nayo ikapata zana zake. Mwaka 1968 Yamashita na Butler walionyesha kwamba kloroplasti zilizooshwa kwa tris, ambayo huharibu sehemu inayopasua maji, zinaweza kulishwa kwenye Mfumo wa Pili kwa vitoaji kama hidrokwinoni na askobeti. Mwaka 1969 Vernon na Shaw wakaongeza difenilikabazidi. Orodha ikawa ndefu, na kila maabara ikawa na kipenzi chake.

Upande wa kupokea, kipenzi cha wengi kilikuwa viologeni ya methili. Kemikali hiyo ilielezwa na Weidel na Russo mwaka 1882, muda mrefu kabla mtu yeyote hajaifikiria kuwa na matumizi shambani. Huchukua elektroni kutoka Mfumo wa Kwanza na kuzikabidhi kwa oksijeni papo hapo. Mwaka 1955 watafiti wa kampuni ya ICI huko Jealott's Hill, Uingereza, waligundua kwamba inaua mimea, na ikaanza kuuzwa mwaka 1962 kwa jina la parakwati. Wakulima wengi wa Kenya na Tanzania wameijua kwa jina la dukani la Gramoxone. Kinachounguza magugu juani na kinachoharibu mapafu ya mtu aliyeimeza ni kitu kimoja: elektroni zinazomiminwa kwenye oksijeni bila kikomo. Haina dawa ya kuizimua mwilini, na ni muhimu kila anayeishika alijue hilo.

Kifaa nacho kilikuwa kimebadilika. Leland Clark, aliyetaka kupima oksijeni katika damu, alitengeneza elektrodi ya platinamu na fedha iliyofunikwa utando mwembamba wa plastiki unaopitisha gesi. Aliichapisha mwaka 1956. Haikuchukua muda ikaingia kwenye maabara za mimea. Chukua majani ya spinachi yaliyopoa kwenye barafu, yasage kwa sekunde chache katika maji ya sukari yenye bafa, chuja kwa kitambaa, zungusha kwa kasi kwenye mashine hadi tope la kijani litulie chini, lioshe, lichanganye upya. Matone machache ya tope hilo yanaingia kwenye kichumba cha mililita moja au mbili chenye elektrodi chini yake na kisumaku kinachokoroga. Kalamu ya mashine inachora mstari kwenye karatasi inayosogea. Gizani mstari unakwenda sawa. Ukiwasha taa, kukiwa na viologeni ya methili, mstari unateremka: oksijeni inamezwa. Ukizima, unanyooka tena. Mteremko wa mstari huo ndio uliogeuzwa kuwa namba, na namba ndizo zilizoitwa kasi ya elektroni.

Sasa ongeza askobeti. Mstari unateremka kwa ukali zaidi, hata kama kloroplasti ni nzima na maji zinapasua vizuri. Maelezo ya haraka yalikuwa kwamba askobeti imejiunga na maji katika kuilisha njia, na elektroni zimeongezeka. Si kwamba waliosema hivyo walikuwa wazembe. Askobeti ilikwisha kuthibitishwa kuwa kitoaji katika kloroplasti zilizoharibiwa. Kwa nini isitoe katika nzima? Mwaka 1969 Böhme na Trebst, wanabiokemia wa Ujerumani, waliichukua hoja ya kuoksidishwa kwa askobeti hadi kwenye swali kubwa la wakati huo: njiani kuna sehemu ngapi za kutengenezea ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli: moja au mbili? Namba za oksijeni zilikuwa zimeanza kubeba mzigo mzito.

Kilichokosekana kilitoka kwa watu wasiokuwa na habari na majani. Mwaka huo huo wa 1969, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich walitangaza kimeng'enya kinachoondoa supaoksaidi, yaani molekuli ya oksijeni iliyobeba elektroni 1 ya ziada. Wakakiita supaoksaidi dismutesi. Huchukua supaoksaidi 2 na kuzigeuza kuwa peroksaidi 1 na oksijeni 1. Walikitoa kwenye chembe nyekundu za damu ya ng'ombe, na walipokichunguza wakakuta kumbe ni protini iliyokwisha kujulikana: himokupreini, protini ya shaba ambayo Thaddeus Mann na David Keilin waliitenga mwaka 1938. Mann huyo si yule wa Rothamsted. Keilin ndiye aliyekuwa mkuu wa Taasisi ya Molteno, Cambridge, na alikuwa amefanya kazi pamoja na Robin Hill. Kwa hiyo jibu la fumbo la majani lilikuwa limetengwa katika mji ule ule alikofanya kazi Hill, mwaka mmoja baada ya taarifa yake, likakaa miaka 31 bila mtu kujua linafanya nini mwilini.

Baada ya McCord na Fridovich, haikuchukua muda. Mwaka 1973 jambo moja lilitoka katika maabara kadhaa, mbali mbali kabisa: Kozi Asada na wenzake huko Kyoto, Japani, John Allen na David Hall wa King's College, London, Elstner na Kramer huko Ujerumani, Epel na Neumann huko Tel Aviv, Israeli. Oksijeni inayopokea elektroni kwenye Mfumo wa Kwanza haiendi moja kwa moja kuwa peroksaidi. Inapokea elektroni 1 tu na kuwa supaoksaidi. Hatima ya supaoksaidi hiyo ndiyo inayoamua kipimo kitaonyesha nini.

Tuhesabu kwa elektroni 4 zilizotoka kwenye maji, tukichukulia kwamba katalesi imezuiwa. Maji yametoa oksijeni 1. Elektroni 4 zimeshikwa na oksijeni 4, zikawa supaoksaidi 4. Kimeng'enya kikiwepo, au supaoksaidi zikimalizana zenyewe kwa zenyewe, hizo 4 zinakuwa peroksaidi 2 na kurudisha oksijeni 2. Zimemezwa 4, zimetoka 1 na 2: salio ni upungufu wa oksijeni 1. Lakini askobeti ikiwepo bila kimeng'enya, inazivamia supaoksaidi zote 4 na kuzipa elektroni, zikawa peroksaidi 4. Hakuna oksijeni inayorudi. Zimemezwa 4, imetoka 1: upungufu ni 3.

Elektroni zilizopita kwenye kloroplasti ni 4 katika hali zote mbili. Mteremko wa mstari umekuwa mkali mara 3.

Askobeti haikuwa imelisha njia. Ilikuwa imesimama nje ya njia, mwishoni kabisa, ikiipokonya kloroplasti oksijeni ambayo ingerudi. Ushahidi wake unaweza kuushika kwa mkono: katika kile kichumba cha elektrodi, mstari ukiwa unateremka kwa ukali, ongeza supaoksaidi dismutesi kidogo. Taa ni ile ile, kloroplasti ni zile zile, askobeti bado imo, na mstari unalegea. Manganizi nayo iliangukia kwenye maelezo hayo hayo. Epel na Neumann waliishughulikia pamoja na askobeti. Hata majaribio ya askobeti na DCPIP kwenye Mfumo wa Kwanza peke yake hayakusalimika. Pale hakuna oksijeni inayotoka kwenye maji, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: elektroni 2 humeza oksijeni 1 kimeng'enya kikiwepo, na 2 kama kila supaoksaidi inapokewa na kitoaji. Kasi iliyoandikwa vitabuni ingeweza kuwa maradufu ya ile ya kweli.

Na kwa nini majani yaliyosagwa yalipotosha hivyo ilhali jani zima lina supaoksaidi dismutesi yake? Kwa sababu ya kuosha. Ute wa kloroplasti ndimo ilimo sehemu kubwa ya kimeng'enya hicho, na kloroplasti zikipasuliwa na kuoshwa, ute huo humwagwa. Watafiti walikuwa wakisafisha sampuli zao kwa uangalifu mkubwa, na usafi wenyewe uliondoa kile ambacho kingewaonyesha hesabu sahihi. Hilo ndilo jambo linalonigusa zaidi katika historia hii nzima: kosa halikutoka kwenye uchafu.

Uzito wake ulionekana upande wa ATP. Ukiikadiria kasi ya elektroni kuwa mara 2 au 3 ya ile ya kweli, basi ATP inayotengenezwa kwa kila jozi ya elektroni inaonekana kuwa nusu au theluthi, na mjadala wa sehemu moja au mbili unaharibika tangu kwenye data. Mwaka 1974 Donald Ort na Seikichi Izawa, nchini Marekani, walichapisha kazi iliyopima ufanisi huo kwa vitoaji vya bandia vinavyooksidishwa penye hewa. Swali la ATP halikumalizwa na hesabu hiyo peke yake, ila lilipata msingi wa kusimamia.

Si haki kusema vitoaji vya bandia vilithibitishwa kuwa vya uongo. Difenilikabazidi bado hutumika, na askobeti hulisha kweli kloroplasti zilizooshwa kwa tris. Kilichoanguka ni imani kwamba mteremko wa oksijeni peke yake unatosha kusema nani ametoa elektroni.

Baadaye ikaonekana kwamba kilichowasumbua watafiti kwenye chombo ni kazi halisi ya jani. Askobeti imejaa ndani ya kloroplasti kwa sababu maalumu: mwaka 1976 Christine Foyer na Barry Halliwell walieleza jinsi inavyotumika na kurudishwa upya kwa msaada wa kemikali iitwayo glutathioni, na mwaka 1979 Groden na Beck wakaeleza kimeng'enya kinachoitumia kuangamiza peroksaidi. Asada aliendelea na jambo hilo kwa miongo, na mwaka 1999 akaliweka pamoja chini ya jina la mzunguko wa maji hadi maji: elektroni hutolewa kwenye maji upande mmoja, hupita kwenye oksijeni, na kuishia kwenye maji upande wa pili. Jua likiwa kali kuliko uwezo wa jani wa kutengeneza sukari, mzunguko huo huzipa elektroni za ziada mahali pa kwenda. Parakwati huua kwa kuulemea.

Kwa wanafunzi na walimu wanaopima kloroplasti kwa elektrodi ya oksijeni, katika chuo chochote kile: mkitumia askobeti, wekeni supaoksaidi dismutesi kwenye kichumba kabla ya kuwasha taa. Izuieni katalesi kwa azidi kidogo. Msitumie sianidi, kwa maana huizima pia dismutesi yenye shaba. Na mnapoandika kasi ya elektroni, andikeni pia kama vitu hivyo viwili vilikuwemo. Namba isiyoeleza hivyo haiwezi kulinganishwa na nyingine.